Makocha Wawili wa Buni Moja

Kocha mgeni wa timu ya taifa alipomaliza mkataba wake na kupanda ndege kurudi kwao, nchi nzima iligeuka kuwa makocha. Wauza mafuta ya taa walikuwa makocha, makarani wa kahawa walikuwa makocha, na hata mabalozi wa nyumba kumi kumi, ambao kazi yao ilikuwa kujua mgeni gani amefikia kwa nani, walianza kubishana juu ya winga ya kushoto. Siasa ya wakati ule ilikuwa kujitegemea. Kama tunajitegemea kwa jembe, watu waliuliza, kwa nini tusijitegemee kwa mpira? Chama cha mpira kule Dar es Salaam kikakubali kwamba safari hii kocha atatoka humu humu nchini. Kikakusanya majina mikoani, kikachuja, kikachuja tena, na mwisho yakabaki majina mawili. Yote mawili yalitoka Mkoa wa Ziwa Magharibi.

Watu wa Bukoba hawakushangaa. Walichoshangaa ni kwamba yalikuwapo majina mengine.

La kwanza lilikuwa la Mwalimu Projestus Rwegasira wa Kashozi, aliyefundisha sayansi darasa la saba asubuhi na mpira jioni, kwa ukali ule ule. La pili lilikuwa la Yunus Rugaibula, fundi cherehani wa mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, na kocha wa timu ya mjini, mtu wa maneno mengi na kicheko kinachosikika mpaka kituo cha mabasi. Chama cha taifa, nadhani kwa kuchoshwa na barua za Wahaya, kiliiandikia kamati ya mkoa: hawa ni watu wenu, mnawajua, chagueni mmoja na mtuletee jina kabla mwezi haujaisha.

Kamati iliketi siku mbili chini ya Mzee Buberwa, mwenyekiti wake, aliyewahi kuwa mkubwa wa ushirika na ambaye hakuwahi kufunga kikao kabla chai haijakwisha. Ikaamua hivi. Wachezaji bora ishirini na sita wa mkoa wagawanywe kwa kura, kila kocha apewe kumi na watatu, awafundishe siku kumi, kisha timu hizo mbili zikutane Muleba, mahali ambapo kati ya makocha hao hakuna mwenye shangazi wala shemeji. Kocha atakayeshinda, jina lake ndilo litakalokwenda Dar es Salaam.

Ulikuwa uamuzi mzuri. Ulikuwa na kasoro moja tu, na kamati isingeweza kuijua, kwa sababu jambo lenyewe halikuandikwa popote. Projestus na Yunus walikuwa banywani.

Asiyeujua unywani wa Kihaya nimweleze kwa kifupi. Mwaka wa hamsini na mbili, wakiwa vijana wenye misuli na akili haba, walipakia ndizi kwenye mtumbwi mbovu kuelekea kisiwa cha Musira. Mtumbwi ukapinduka. Yunus alijua kuogelea, Projestus alijua kunywa maji tu, na Yunus akamburuta kwa ukosi wa shati mpaka nchi kavu. Wiki iliyofuata wakaenda kwa mzee mmoja anayezijua taratibu hizo. Tunda moja la kahawa lilipasuliwa, na ndani yake, kama kawaida, mlikuwa na punje mbili. Kila mmoja akachanjwa kidogo karibu na kitovu, akaipaka punje yake damu, na mwenzake akaila kutoka kwenye kiganja chake. Kuanzia hapo wakawa tumbo moja. Munywani wako akiingia kwako, anakula kwanza, maswali baadaye. Na munywani wako akikuomba kitu, ana kwa ana, kwa mdomo wake mwenyewe, humkatalii. Ukimkatalia, tumbo linavimba mpaka linakuua.

Projestus alikuwa Mkatoliki wa kukomunika kila Jumapili, na alikuwa amewachorea watoto wa watu tumbo la binadamu ubaoni mara ishirini. Alijua kwamba matumbo huvimba kwa minyoo na kwa gesi. Pamoja na hayo, kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumkatalia Yunus kitu, na hakukusudia kuanza sasa.

Lakini kiti kile cha ukocha alikitaka. Tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe aliona haya kuusema: alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu siku alipomtaka Benigna. Alikuwa na madaftari kumi na moja ya mpira yaliyoandikwa kwa mwandiko wa ubaoni. Timu ya taifa ilipocheza, aliweka redio mezani, akapanga punje za kahawa kumi na moja huku na kumi na moja kule, na kuzisogeza kadiri mtangazaji alivyosema. Timu ilipofungwa, alijua punje ipi ilikosea, akaikaripia kwa jina. Kwa miaka tisa alikuwa akiisahihisha timu ya taifa juu ya meza ya chakula, na timu haikuwa na habari.

Benigna alimtazama siku mbili akizunguka nyumba bila kazi. Siku ya tatu, akiwa anamenya ndizi, akamwambia pasipo kuinua macho.

"Si munywani wako? Nenda kamwombe ajitoe."

Projestus alichukizwa. Alimweleza mkewe kwamba unywani si hongo, kwamba haukuwekwa kwa ajili ya mambo ya vyeo, kwamba mtu mwenye staha hawezi kumfunga mwenzake kwa namna hiyo. Alisema mengi na yote yalikuwa ya kweli. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kujaza upepo baiskeli.

Jumamosi aliondoka Kashozi kabla jua halijachomoza. Alipitia njia ya mkato, ile inayokata lweya, uwanda wa majani matupu na upepo mpaka mtelemko wa mjini, kwa sababu hakutaka kukutana na mtu atakayemuuliza anakokwenda. Njiani alikuwa akitunga maneno. Hii ilikuwa shida yake ya siku zote: Projestus hakuweza hata kuomba chumvi bila utangulizi. Alitunga utangulizi mmoja juu ya urafiki, mwingine juu ya Taifa, na alipofika Bakoba alikuwa bado anapima upi uanze.

Kokushubila, mke wa Yunus, alimpokea mlangoni kwa furaha na mshangao.

"Shemeji, mmepishana. Mwenzio ametoka alfajiri kwa njia ya gari, anakuja kwako. Anasema ana ombi."

Projestus akashika usukani wa baiskeli. Ombi! Ombi gani lingemtoa fundi cherehani kitandani alfajiri, siku ya Jumamosi ambayo wateja wanafuata nguo zao? Aliona yote kwa mara moja. Yunus naye ameliwaza lile lile. Yunus anakuja kumwomba ajitoe, na Yunus hana utangulizi. Yunus akifungua mdomo, neno la kwanza ndilo jambo lenyewe. Atakayeomba kwanza amepata, na wa pili hana la kufanya ila kuitikia.

Alitaka kupanda baiskeli papo hapo, ila hakujua aende wapi. Akirudi nyumbani atamkuta. Akibaki, mwenzake atarudi. Na hata hivyo Kokushubila alishaweka mkeka na kumpa kahawa ya kutafuna, na ndizi zilikuwa zinakatwa shambani. Munywani haondoki na njaa. Ndizi zikamenywa, zikafungwa kwenye majani, zikawekwa jikoni pamoja na samaki, na Projestus akakaa saa nne kamili akitabasamu kwa adabu huku masikio yake yako barabarani. Kule Kashozi nako Yunus alikuwa amekalishwa vivyo hivyo. Benigna, aliyekuwa ameapa kumpa mgeni huyo uso wa baridi, alijikuta anamkabidhi jogoo wake mkubwa na kisu ili amchinje mwenyewe kwa taratibu za dini yake. Taratibu ni taratibu.

Saa nane Projestus alijitoa kwa Kokushubila kwa visingizio, na kwa kuwa alidhani Yunus atarudi kwa mkato, yeye akashika njia ya gari. Nusu ya safari akasikia mtu anaimba. Sauti ilikuwa ya Yunus, aliyeshiba, anayeteremka kilima kwa baiskeli bila kugusa breki. Mwalimu Projestus Rwegasira, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, mjumbe wa baraza la parokia, akaibeba baiskeli yake juu ya bega na kuingia nayo ndani ya shamba la kahawa la watu. Akachuchumaa. Yunus akapita na wimbo wake. Mama mmoja aliyekuwa akichuma kahawa hatua tatu kutoka pale alimwamkia kwa heshima, akimwita waitu kama inavyompasa mtu mzima, naye akaitikia akiwa chini vile vile.

Nyumbani alimuuliza Benigna ombi lilikuwa nini.

"Hakusema. Nimembana kwa jogoo mzima na hakusema. Amesema ombi hili ni la mdomo wake na sikio lako."

Ndipo zikaanza siku kumi ambazo Kashozi inazisimulia mpaka leo. Yunus alikuwa na timu ya kufundisha na suruali za kushona, lakini kila alipopata nafasi alikuja, na kila alipokuja Projestus hakuwapo. Siku moja alifika shuleni katikati ya kipindi. Projestus aliwapa darasa la saba kazi ya kuchora mzizi, akatoka kupitia dirishani. Siku nyingine Yunus alimkuta mazoezini, na Mwalimu akajiingiza mchezaji yeye mwenyewe, akakimbia upande wa mbali wa uwanja kwa dakika arobaini bila kugusa mpira. Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Yunus alisimama nje ya kanisa, kofia mkononi, akisubiri misa iishe. Projestus alimwona kwa mwanya wa mlango. Akabaki amepiga magoti baada ya misa, watu wakatoka, mishumaa ikazimwa, wanakwaya wakakunja vitabu, yeye bado amepiga magoti. Padre alinyata kupita pembeni yake asimsumbue. Jumapili iliyofuata alimtaja katika mahubiri kama mfano wa sala ya kweli.

Lililokuwa baya ni kwamba anayejificha hafundishi. Madaftari kumi na moja yalilala kabatini. Wachezaji wake walifanya mazoezi na kocha anayetazama barabara. Aliwapanga, akasahau alivyowapanga, akawapanga tena. Vijana walikuwa wazuri na walimheshimu, kwa hiyo hawakusema kitu.

Siku ya mechi lori la ushirika liliwabeba wote pamoja kutoka Bukoba, kwa sababu mkoa ulikuwa na lori moja la kutoa siku hiyo. Projestus alikuwa ametangulia Muleba tangu jana yake, akisema anakwenda kukagua majani ya uwanja. Aliyakagua. Yalikuwa majani.

Muleba ilijaa siku ile. Watu walikuja kutoka vijijini na ndizi mbivu, na mahindi ya kuchoma, na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, ambavyo Mzee Buberwa alitangaza kwa kipaza sauti kuwa ni marufuku uwanjani, kisha akapewa kimoja akashika. Vijana walipanda juu ya paa la ghala. Vikundi viwili vya ngoma, vilivyoagizwa kupokezana, vilipiga kwa pamoja na kila kimoja kikidai ndicho kilichoalikwa. Benigna na Kokushubila walikaa kwenye khanga moja iliyotandikwa chini, wakila karanga na kuangalia waume zao kwa macho ya watu wanaojua mengi kuliko wanavyosema.

Saa tisa refa akapuliza kipenga. Projestus alisimama mstari wa pembeni, upande wa pili kabisa kutoka kwa Yunus, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi akatazama mpira. Alichokiona kilimuumiza. Mabeki wake walikuwa wanapishana kama watu waliopotezana sokoni. Timu ya Yunus ilicheza kwa kicheko. Walikuwa na winga mmoja mwembamba aitwaye Lameki, kijana wa Kemondo, ambaye kila alipopata mpira alionekana amekumbuka kitu cha kuchekesha. Dakika ya kumi na tano Lameki akapiga krosi, bao. Timu ya Projestus ikasawazisha kwa kichwa baada ya kona, na uwanja ukarindima. Kabla ngoma hazijatulia Lameki akapita watu watatu na kufunga mwenyewe. Mpaka mapumziko yalikuwa mabao mawili kwa moja, na Yunus ndiye anayeongoza.

Hapo ndipo Projestus alipomwona Yunus anakatiza uwanja.

Alikuja moja kwa moja, kupitia duara la katikati, mbele ya watu wote, na safari hii hapakuwa na dirisha wala kahawa ya watu. Projestus aliangalia kushoto, akaona ghala. Aliangalia kulia, akaona kamati. Akasimama. Halafu, sijui kwa nini, moyo wake ukatulia. Alijisemea kwamba huyu ndiye aliyemshika ukosi wa shati majini, na akiomba, basi ameomba. Ataitikia, na atarudi Kashozi kupanga punje zake mezani. Aliagana na kile kiti pale pale, akiwa amesimama, na ilimuuma kweli.

Yunus alifika akihema.

"Nimekutafuta siku kumi, munywani wangu. Nimekusubiri mpaka mlangoni pa kanisa. Nina ombi na huwezi kulikataa."

"Sema," Projestus alisema. "Nimekwisha kubali."

"Naomba usiniachie. Najua unachofanya. Tangu tupewe mechi hii nilijua moyo wako utakutuma ujitoe kwa ajili yangu, ndiyo maana nilikuja Jumamosi ile kukuzuia. Nilipoona unanikwepa nikasema, basi, ameshaamua, hataki nimwombe asifanye. Na leo nimeona kwa macho yangu mwenyewe. Mabeki wale huwezi kuwa umewapanga wewe. Wapange vizuri, Projestus. Nikishinda, nataka niwe nimekushinda wewe."

Projestus alimsikiliza mpaka mwisho. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Siku kumi amemkimbia mtu huyu kama mkopeshaji, akiamini anakuja kumnyang'anya, na mtu mwenyewe alikuwa anakimbiza huku na huko wema ambao Projestus hakuwa nao. Angeweza kunyamaza. Angeweza kukubali sifa hiyo, akaitikia kwa kichwa, na hakuna ambaye angejua. Aliwaza hilo, akalitupa.

"Sikuachii," alisema. "Mnanifunga kweli kweli. Na nikuambie na lingine. Jumamosi ile nilikuja kwako kukuomba ujitoe. Nimekuwa nikijificha kwa sababu nilidhani na wewe umekuja kwa hilo."

Yunus alimtazama. Uso wake ulibadilika mara mbili, na Projestus akaona kwamba neno lile limeingia na limeuma. Kisha mabega ya Yunus yakaanza kutikisika. Alicheka kile kicheko chake cha kufika kituo cha mabasi, akashika magoti, akacheka mpaka mshika kibendera akageuka.

"Kanisani," alisema akifuta machozi. "Ulipiga magoti saa nzima."

"Saa moja na robo."

Yunus alinyanyuka. Hakuwa anacheka tena, lakini macho yake yalikuwa laini.

"Basi niombe. Nipo mbele yako. Mimi sijajifunza kukukatalia, na sitaanza Muleba."

Alimaanisha. Projestus alimjua kwa miaka zaidi ya ishirini, na aliona kwamba anamaanisha. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, bila utangulizi wa urafiki wala wa Taifa, na kiti kile kingekuwa chake kabla refa hajarudi. Mechi alikuwa anaishindwa. Dar es Salaam ilikuwa pale, umbali wa sentensi moja. Nyuma yake aliwasikia wachezaji wake wakigombana kwa sauti ya chini juu ya nani alitakiwa kumkaba Lameki.

"Naomba maji," alisema. "Koo limekauka."

Yunus alisimama kidogo akimwangalia. Kisha akageuka, akakatiza uwanja wote tena mpaka kwenye benchi lake, akarudi na kopo la maji alilolibeba kwa mikono miwili, akampa munywani wake mbele ya mkoa mzima. Kamati ilinong'onezana. Mzee Buberwa aliuliza kama kanuni zinaruhusu kocha mmoja kumnywesha mwingine, na hakuna aliyejua. Projestus alikunywa lote.

Halafu akawageukia vijana wake, na kwa dakika tano zilizobaki alikuwa Mwalimu Rwegasira tena. Aliokota vijiwe, akavipanga chini, akamwonyesha kila mmoja kijiwe chake. Alimhamisha beki wa kulia. Alimwambia namba sita asimfuate Lameki, amsubiri. Aliwaomba radhi kwa siku kumi zilizopita, jambo ambalo hawakuwahi kumsikia akifanya, na likawashtua kuliko ukali wake wote.

Kipindi cha pili kilikuwa mpira. Watu waliokuwapo hawakubaliani juu ya kitu chochote ila hilo. Timu ya Projestus ilisimama mahali pake kama mistari ya daftari, mipira ikaanza kupita kwa pasi fupi fupi, na Lameki akaacha kukumbuka vya kuchekesha. Dakika ya ishirini wakasawazisha. Mabao mawili kwa mawili! Vikundi vya ngoma vikapiga pamoja tena na safari hii hakuna aliyelalamika. Yunus naye hakukaa. Alimtoa mchezaji mmoja, akamwita Lameki pembeni, akamwambia neno sikioni lililomfanya kijana acheke kwa sauti. Mpaka leo halijulikani ni neno gani. Mwalimu ana nadharia tatu.

Mpira uligonga mwamba huku, ukagonga mwamba kule. Projestus alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, akaendelea kwa mikono. Na dakika moja kabla ya mwisho Lameki alipokea mpira katikati, namba sita akamsubiri kama alivyofundishwa, kila mtu akiwa mahali pake, hakuna kosa hata moja la kuandika daftarini, na Lameki akapiga kutoka mbali, kutoka mahali ambapo mtu mwenye akili hapigi. Mpira ukaingia juu kabisa ya kona ya goli.

Projestus alijikuta anapiga makofi. Aliitazama mikono yake ikipigana, akaiacha iendelee. Kipenga cha mwisho kililia na watu wakavamia uwanja.

Mzee Buberwa alitangaza jina la Yunus Rugaibula mara nne, mara mbili akikosea ukoo wa baba yake, na hakuna aliyesikia kwa kelele. Yunus alirushwa juu na wachezaji wa timu zote mbili. Katika wale waliomshika mguu wa kushoto, mmoja alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mwenye tai.

Iliuma? Iliuma. Projestus hakuwa malaika, hata kama padre aliwaza hivyo. Walipopanda lori kurudi, jua likielekea kwenye vilima, alikaa juu ya magunia matupu karibu na kebini ya dereva. Vijana waliimba. Benigna alimpa ndizi mbivu, akala bila kujua anakula nini. Yunus alikuja, akapita juu ya miguu ya watu, akaketi kando yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikaa kimya makusudi.

Walipofika karibu na Kemondo, Projestus akasema kwamba timu ya taifa haina upande wa kushoto.

Yunus akamuuliza ana maana gani. Projestus akamweleza. Beki wa kushoto wa timu ile anapanda mno na hakuna anayeziba nyuma yake, na mechi tatu za mwisho zilipotelea pale pale. Akachukua viganja viwili vya kahawa kavu iliyobaki kwenye kona za gunia, akapanga punje juu ya paja lake, lori likazitikisa, akazipanga tena juu ya mgongo wa Lameki aliyekuwa amelala kifudifudi mbele yao. Usizitikise, akamwambia Lameki. Huyu hapa anapanda. Huyu hapa anatakiwa arudi. Ukimwamuru kiungo ashuke hatua kumi tu, kumi, mlango umefungwa. Yunus aliinama na kutazama. Aliuliza, akabisha, akahamisha punje moja. Projestus akairudisha, akamweleza kwa nini, kisha akafikiri, akakubali kwamba labda kweli ikae pale.

Waliendelea hivyo kilomita nyingi. Taa za mji zilipoanza kuonekana kule chini kando ya ziwa, Yunus alisema:

"Mimi najua kumfanya kijana atake kucheza. Haya unayoyaongea siyajui, na nimeshona suruali za watu muda mrefu mno kuanza kuyasoma. Barua ya Dar es Salaam ilitaka jina moja. Haikusema mwenye jina aje peke yake. Lakini sikuombi, Projestus, sikia vizuri. Nikikuomba utakuwa huna njia. Nakuuliza tu. Ukitaka kukataa, kataa, tumbo lako salama."

Projestus aliangalia punje zilizokuwa zinaruka ruka kwenye mgongo wa Lameki. Ndipo alipogundua kwamba tangu Kemondo hakuwa amekumbuka hata mara moja kwamba ameshindwa.

"Nitakuja," alisema.

Benigna, aliyekuwa amegeuza uso upande wa pili kana kwamba hasikii, aliuliza shule itakuwaje. Mumewe akamjibu kwamba likizo inaanza Ijumaa, na baada ya hapo ataandika barua wizarani. Benigna akasema barua hiyo aiandike fupi. Kokushubila akacheka, na Yunus akacheka, na lori likateremka mlima kuingia mjini, na Projestus akamgonga Lameki begani taratibu, akamwambia atulie kidogo tu, maana bado hawajafika kwa mshambuliaji wa kati.